Kabla ya Jina

Kigezo hutangulia faili kinayoihudumia.
Ndivyo alivyoandika Bogna kwa penseli
kwenye karatasi ya manjano, akaibandika pembeni mwa skrini,
chini ya ardhi, mjini Łódź, mwezi wa Novemba,
bomba la joto likigonga ukutani
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Weka -ss kabla ya -i,
chombo kinaruka hadi dakika ya arobaini,
hakina habari na yaliyotangulia.
Weka -ss baada ya -i,
kinafumbua kila fremu tangu mwanzo,
kinaifumbua na kuitupa, kinaifumbua na kuitupa,
hadi kifike pale ulipotaka.
Herufi ni zile zile. Kilichohama ni kiti.

Nasi twalijua hili tangu tulipoanza kutamka:
nimekupa, umenipa.
Vipande vidogo vimepishana mlangoni
na deni limevuka meza.

Bi Leokadia alileta kaseti zake katika mfuko wa viazi.
Mbili tu zilikubali kuzunguka.
"Ya kwanza," alisema, "ni Zdzisława anakata keki, anastaafu.
Ya pili ni sisi, zamu ya usiku,
mashine ishirini na nne za kufuma zikienda pamoja.
Keki sina haja nayo."

Saa nne usiku Bogna, macho mekundu,
mkate umekauka kando ya kibodi,
aliandika:

-y -i *.avi zamu.mp4

Kwa kinyota alimaanisha: zote.
Lakini kinyota hakifiki kwa chombo.
Yupo bawabu anayeipokea amri kabla ya mwingine yeyote;
yeye hukipasua, na mahali pake
hupanga majina, moja nyuma ya jingine:

-y -i 01.avi 02.avi zamu.mp4

Jina la kwanza lina -i mbele yake, basi ni chanzo.
La pili halina.
Na jina lisilo na -i mbele yake
ni shimo la kumwagia.
Kuhusu -y, hicho kilikwisha kusema ndiyo
kabla swali halijapata mdomo.

Hapakuwa na kelele. Tarakimu zilipanda, zikasimama.
Bogna akafungua ya pili: keki.
Akaifunga, akaifungua tena, kama mtu anayechungulia
sufuria aliyoiona tupu.
Keki. Zdzisława, kisu, kofia ya karatasi.

Asubuhi alipiga simu. Alijitayarishia sentensi tatu
akatumia nusu ya moja.
Upande wa pili, kimya, kisha kikohozi, kisha:
"Uzi mmoja ukipita tundu lisilo lake
kitambaa kinatoka na mstari mita mia mbili.
Tuliwahi kukatwa mshahara kwa tundu moja.
Mashine haikukatwa chochote. Nakuja."

Kaseti ikazungushwa tena, unga wake wa kahawia
ukibaki kwenye kichwa cha kusomea.
Chini ya picha ukatokea ukanda mweupe ambao jana haukuwepo,
na sauti ilikatika dakika ya kumi na mbili.
Safari hii Bogna aliandika -n, kinachokataa kufuta,
na faili akaiita kwa jina lake kamili, herufi kwa herufi,
midomo ikicheza.

Bi Leokadia alivuta stuli.
Wanawake walipita katika vumbi la pamba
naye akawataja, kidole kikikaribia kioo bila kukigusa:
Genowefa. Irmina. Bronka wa lango la tatu.
Kabla ya kila jina alinyamaza kidogo.

Kisha akapita mmoja mwenye kitambaa cha madoa kichwani,
akageuka, akacheka na mtu aliye nje ya picha.
Bi Leokadia alinyamaza, akaendelea kunyamaza.
Bogna akaisimamisha fremu.
Ukutani bomba liligonga.
Wakangoja.